Mama Kitalu wa Bonde la Mawe Meusi

Kabla ya kushika jembe, alikuwa anapiga pasi. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalolikumbuka juu ya Mama Kitalu, na mtu akinibishia nitamletea kijiji kizima kije kutoa ushahidi. Pasi yenyewe ilikuwa ile ya mkaa, nzito kama dhambi za watu wawili, na kitenge kilinyooka mpaka inzi akitua anateleza. Kisha anakivaa hicho hicho, anashuka bondeni, anazama kwenye tope mpaka magotini.

"Mama, nguo hiyo si ya kanisani?" niliwahi kumuuliza.

"Hii ardhi ni mgonjwa," alinijibu. "Wewe ukienda hospitali kumjulia hali mgonjwa unavaa matambara?"

Yuko hai, asije mtu akaanza kuchanga rambirambi. Ni kwamba tu hakai tena jirani yangu. Miaka tisa kitalu chake cha miche kilitazamana na banda langu la kutengenezea baiskeli, huku kwetu ng'ambo ya kijiji cha Titye, na katika miaka hiyo yote sikujua alizaliwa na nani wala ukoo wake ni upi. Sikuuliza. Nilichokijua ni kile ambacho kila mtu alikijua, yaani alikaa muda mrefu kusini, kwenye mgodi wa makaa ya mawe, mwanzo akiwapikia wachimbaji, baadaye akahamishiwa kitengo cha kuotesha miti ya kurudishia msitu pale uchimbaji unapokwisha. Alirudi kwetu Uhani, nchi ya Waha, na begi moja la nguo na mifuko mitatu ya mbegu.

Kila sentensi yake ilianza na "Kule kwenye makaa". Kule kwenye makaa kulikuwa na lori ambalo tairi lake moja lilimzidi urefu padri akiwa juu ya farasi. Kule kwenye makaa udongo wa juu ulikunjwa pembeni kama mkeka, shimo likishajazwa ukatandikwa tena. Sisi tulicheka. Mimi mwenyewe ni mtu wa kuongeza chumvi, nalijua hilo, hata mke wangu akitaka kujua ukweli huyagawa maneno yangu kwa nne. Lakini kwa yale ya Mama Kitalu nilikuwa nagawa kwa kumi, na nilikosea. Karibu yote yalikuwa kweli. Farasi tu sina hakika.

Sasa niseme habari ya shimo, kwa sababu bila shimo huyu mama angekuwa mtu wa kuuza miche ya mipapai tu.

Nyuma ya kijiji chetu kuna mlima wa miombo, na chini ya mlima kuna bonde, na kwenye bonde kulikuwa na chemchemi ambayo mama zetu walichota tangu dunia ikiwa bado mbichi. Akaja mnunuzi mmoja kutoka mbali. Aliokota jiwe jeusi kwenye kijito, akaliwasha, likawaka. Wapo wanaosema yalikuwa makaa ya mawe halisi, wapo wanaosema ulikuwa mwamba mweusi tu uliojifanya makaa. Mnunuzi hakujali. Aliyataka ya kuchomea matofali, nasi tukachimba. Naandika "tukachimba" kwa kukusudia. Nilichimba miezi minne, na kwa bidii, mpaka siku moja nikadhani nawasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakigombana.

Kisha mnunuzi akaondoka kama alivyokuja, akatuachia mashimo kumi na moja, msitu uliokatwa, na vichuguu vya mawe meusi vikipigwa na mvua. Maji yaliyotoka pale yalikuwa mekundu kama kutu. Ukifua shuka jeupe linarudi rangi ya chai. Ukionja, ulimi unajikunja. Mashimo yakawa yanayanywa maji ya mvua kabla hayajafika bondeni, na kiangazi kilichofuata chemchemi ikakauka kabisa. Kina mama wakaanza kwenda mto wa mbali, ng'ambo ya vilima viwili, na wakirudi na ndoo kichwani hawakutuamkia sisi tuliochimba.

Mwenyekiti wa kijiji si mtu mbaya. Naandika hivyo mapema, msije mkamchukia bure. Vijana hawakuwa na mashamba, na yeye alisema bonde limeshaharibika, basi ligawanywe vipande, vijana walime maharage. Mkutano mzima ukapiga makofi. Ndipo mwanamke aliyevaa kitenge kilichonyooka akasimama.

"Ukilima pale sasa," alisema, "jembe litafika kwenye mawe meusi, na maji mekundu yatatoka mpaka wajukuu wako wazeeke. Nipeni hilo bonde. Nitawarudishia chemchemi."

"Kwa muda gani?"

"Viangazi vitatu."

Wakacheka, wakampa. Ikaandikwa kwenye muhtasari wa kijiji kwamba kiangazi cha tatu kikiisha na chemchemi haijarudi, bonde linagawanywa na hakuna mjadala. Kwa hiyo yote ninayowasimulia hapa, ya pasi na tope na mengineyo, yalifanywa na mtu aliyekuwa anakimbizana na majira.

Namna yake ya kufanya kazi ilimchosha kila mtu isipokuwa yeye. Sisi tulidhani kufukia shimo ni kufukia shimo, unatupia chochote kilicho karibu, unakanyaga, unakwenda kula. Yeye alitaka mawe meusi yote yarudi chini kabisa, yote, hata la ukubwa wa punje ya harage. Juu yake udongo wa mfinyanzi, ushindiliwe mpaka ulie. Juu yake udongo mwekundu. Juu kabisa udongo mweusi wa msituni, wenye majani yaliyooza, ambao tuliubeba kwa viroba kutoka kule juu ambako hatukuwa tumefika na sululu. Nikikosea mpangilio ananifukulisha.

"Mama, udongo ni udongo."

"Nivulie shati nione," aliniambia. "Nataka nikuvalishe ngozi ndani, utumbo nje, halafu unieleze kama mwili ni mwili."

Maji nayo aliyachimbia mfereji mrefu wa kupindapinda, akautandika mawe ya chokaa, ili yale mekundu yapite juu yake polepole kabla ya kuingia kwenye vidimbwi alivyopanda matete na mafunjo. Mawe ya chokaa hatukuwa nayo. Yako upande wa Makere. Akaenda Kasulu mjini kwa Alhaji mmoja mwenye duka la jumla, mtu wa Tanga, ambaye lori lake lilipeleka bidhaa huko. Nilimsindikiza, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu.

"Bibi wewe," Alhaji alisema, "lori langu hubeba sukari na unga wa ngano. Leo nilibebeshe mawe?"

"Likienda linabeba sukari. Likirudi linabeba nini?"

"Halibebi kitu. Hewa."

"Basi naomba nafasi ya hewa."

Alhaji akacheka mpaka kofia ikamdondokea kwenye gunia la mchele. Tangu hapo kila lori liliporudi lilikuwa na mawe, nasi tuliyachukua mjini kwa baiskeli. Baiskeli kumi na mbili, mlima baada ya mlima. Mnyororo wangu ulikatika mara nyingi kiasi kwamba niliacha kuuita mnyororo. Na Ijumaa moja baada ya sala, Alhaji mwenyewe akaja na kanzu yake nyeupe kuyaona mawe yake yakifanya kazi. Alisimama ukingoni mwa mfereji kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe yamelala tu." Mama Kitalu akamjibu kwamba na yeye angependa kupata kazi ya kulala tu.

Wakati huo mimi nilikuwa nasoma masomo ya jioni mjini, najaribu kukipata kile kidato cha nne kilichonikimbia utotoni. Siku mwalimu alipotufundisha habari za asidi na besi nilikaribia kuruka juu ya dawati. Mfereji wa Mama Kitalu ulikuwa ubaoni. Nikapanda baiskeli siku iliyofuata, nikamweleza yote, na jinsi chokaa inavyoua ule ukali wa maji, na majina yake yote ya kitaalamu, nikiwa nimetanua kifua kama jogoo wa jirani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa maji yameshaambiwa kwamba yanaitwa hivyo?"

"Hapana, Mama."

"Basi leta jiwe."

Alikuwa na mambo yake yaliyopingana. Aliyependa miti namna ile alikuwa na jiko la kuni lililokula kuliko majiko yote ya kata. Aliyefukia mawe meusi kwa mikono yake alikuwa na kipande kimoja ndani, juu ya kabati, kikiwa kimepakwa mafuta kinang'aa, na ukimuuliza anasema ni picha ya mchumba wa zamani. Na kubwa kuliko yote, aliogopa vyura. Si kuchukia, kuogopa, kwa jasho na kutetemeka. Na ni yeye huyo huyo aliyetufundisha kwamba dawa ya maji ikikubali, chura ndiye atakayekuja kwanza kutoa taarifa. Kila asubuhi alinituma nikasikilize. Mvua za pili zikaanza, na siku moja tukamwona anapanda kutoka bondeni mbio, kitenge mkononi, kiatu kimoja, akapita barabara, akapita banda langu, akaingia ndani akafunga mlango. Tukachukua fimbo tukijua ni chatu. Nikagonga.

"Mama, ni nini?"

"Amekuja," alisema kutoka ndani.

"Nani?"

"Yule. Ana macho. Mshukuruni Mungu, mimi sitoki."

Wiki nzima aliongoza kazi ya bonde akiwa dirishani.

Ila si yote yalikuwa ya kuchekesha. Kuna siku moja ambayo mpaka leo nikiisimulia napunguza badala ya kuongeza.

Kwenye mwaka ule wa kwanza, juu ya mashimo yaliyofukiwa, alipanda miche yake, lakini alitumainia zaidi kitu ambacho sisi hatukukiona kabisa. Miombo ikikatwa mizizi haifi. Inakaa chini, halafu inachipua yenyewe, vijiti vyekundu vidogo kama viberiti, miti ya mtundu na mninga, katikati ya nyasi na magugu. Alivihesabia kama mali. Alituambia tusiguse mteremko, basi. Hakueleza zaidi, kwa sababu hakujua kama kuna haja. Hilo lilikuwa kosa lake.

Kosa letu ni kwamba sisi Waha ni wakulima. Mteremko wenye nyasi kwetu ni aibu. Shamba la mtu mgonjwa au mjane likiota magugu, wenzake wanalipalilia, na wakimaliza linang'aa kama sakafu. Alipokwenda Kasulu kutibiwa goti, akakaa siku nne, mwenyekiti aliona aibu kwa niaba yake. Akaitisha msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima. Walikuja watu themanini na majembe, wakiimba, wakapalilia mteremko wote, jani kwa jani, wakaacha miche yake tu ikisimama kwa mistari. Wakapika na ugali wa muhogo. Mimi nilikuwepo, nililima mistari miwili.

Akarudi siku ya tano. Mwenyekiti alikuwa anamsubiri barabarani, uso umejaa furaha, akamshika mkono akampeleka kumwonyesha. Mama Kitalu alitazama. Akainama akaokota kichipukizi kimoja kilichonyauka, akakigeuza geuza.

"Umefanya wewe?"

"Sisi sote, Mama. Watu themanini."

"Basi umechimba shimo la kumi na mbili," alimwambia. "Na hili ni kubwa kuliko yale."

Alisema mbele za watu. Mwenyekiti alikuwa ametoa muhogo wake mwenyewe, na mkewe ndiye aliyepika. Mwenyekiti akauachia mkono wa Mama Kitalu, akaondoka. Na tangu siku ile hawakusalimiana.

Kama wewe si wa Kasulu wala Kibondo huenda hujaona uzito wake. Sisi salamu si neno, ni kazi. Unakunja magoti, unapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjika, unauliza, unajibiwa, unaulizwa, unajibu, na baiskeli inayokusubiri inaweza kuota kutu. Watu wawili wa kijiji kimoja kupishana njiani kimya, tena miaka miwili na zaidi, ni kama kuona nyumba inaungua na kila mtu anaizunguka. Mmoja akitokea njia ya juu, mwingine anashika njia ya chini.

Alichofanya Mama Kitalu ni kuanza upya. Mizizi haikuwa imekufa, jembe lilikuwa limekata juu tu, lakini mwaka mzima ulipotea. Na akaweka sheria moja kwa kila anayekuja kumsaidia: akae kwanza juu ya jiwe, saa nzima, atazame bila kugusa kitu, halafu aseme alichokiona. Hata padri alikalishwa. Hata mimi, kila siku, miaka yote hiyo, na naapa mpaka leo nina umbo la lile jiwe.

Kiangazi cha tatu kikafika mwisho. Nyasi zilikuwa njano, vumbi jekundu limepaka kila kitu, mawingu yanakuja jioni na kuondoka bila kuaga. Asubuhi mwenyekiti akashuka bondeni na wajumbe wake, na nusu ya kijiji nyuma yao, na vijana waliongoja mashamba wakiwa na kamba za kupimia mkononi. Mama Kitalu alikuwa amekaa ukingoni, goti limefungwa kitambaa, kitenge kimepigwa pasi.

Chemchemi ilikuwa inatoka. Hilo kila mtu aliliona. Ilitoka katikati ya mawe mawili, safi, haina wekundu hata kidogo, lakini nyembamba. Niseme ukweli safari hii, ilikuwa unene wa kidole gumba.

"Mwambie Mama Kitalu," mwenyekiti aliniambia mimi, naye yuko hatua mbili kutoka kwake, "hii ni chemchemi au ni jasho?"

"Mwambie mwenyekiti," alisema Mama Kitalu, "muhtasari unasema irudi. Imerudi."

"Mwambie kijiji hakiwezi kunywa muhtasari."

Nikageuka huku, nikageuka kule, shingo yangu inauma. Wajumbe wakaanza kubishana. Mmoja alitaka ijaze ndoo, mwingine akauliza ijaze kwa muda gani, wa tatu akatoa simu apime dakika, wakaanza kubishana ni dakika ngapi, na vijana wa kamba wakaanza kuchagua pa kupigilia vigingi. Ndipo bibi mmoja mzee sana, ambaye amechota pale kuliko sisi wote tukijumlishwa, akagonga ndoo yake kwa fimbo.

"Sisi tulipokuwa wasichana hatukuwa na simu," alisema. "Unafika, unatega chombo, anakuja mwenzako, mnasalimiana. Mkimaliza salamu chombo kimejaa, hiyo ni chemchemi. Mkimaliza hakijajaa, hayo ni maji ya mvua yaliyopotea njia."

Mwenyekiti akakubali, wajumbe wakakubali. Yule bibi akatega ndoo yake, ile ya lita ishirini.

"Wasalimiane kina nani?" mjumbe aliuliza.

"Wenye kugombania," alisema yule bibi.

Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Nilimwona anapiga hesabu, na hesabu yenyewe haikuwa ngumu, kwa maana salamu fupi ingemaliza kila kitu. Yeye ndiye mdogo kwa umri, kwa hiyo yeye ndiye wa kuanza. Akakunja magoti, akapiga makofi matatu.

"Mwakeye, Mama."

"Mwakeye, mwanangu." Naye akapiga makofi, amekaa vilevile.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Za kwako?"

"Nzuri."

Maji yalikuwa yamefunika kitako cha ndoo tu. Angeweza kusimama. Alianza kusimama. Lakini mtu mzima akikuuliza huwezi kumwachia swali mkononi.

"Watoto?" aliuliza Mama Kitalu.

"Wazima."

"Yule aliyekwenda Kibondo kujifunza ufundi, amemaliza?"

"Bado mwaka mmoja."

"Na yule wa nyuma yake, kifua kimepona?"

"Kimepona, tunashukuru." Akaitupia ndoo jicho. Watu wakaanza kuelewa, mmoja akaziba mdomo kwa mkono.

"Mbuzi wamezaa?"

"Wawili. Mmoja alikufa."

"Pole. Muhogo?"

"Umepigwa na ugonjwa, Mama, huu wa michirizi. Kama kwa watu wote."

"Pole sana. Mke wako? Mgongo wake?"

Ndoo ilikuwa imepita nusu. Vijana wa kamba walikuwa wanahesabu kwa midomo. Nami nilikuwa nacheka kimoyomoyo nikisema, huyu mama ni hatari, atamuuliza hata kuku. Ila nilipomtazama usoni sikuona ujanja wowote. Hakuwa ametazama ndoo hata mara moja. Alikuwa amemwinamia yule mtu, na sauti yake ikashuka.

"Na mama yako, je?"

Mwenyekiti akayaachia magoti, akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, na suruali yake ya mkutano.

"Hasimami tangu masika."

"Anakula?"

"Uji. Vijiko viwili, vitatu."

"Anawatambua?"

"Siku nyingine ndiyo." Akafuta uso. "Siku akitutambua anauliza mbona wewe huji."

"Nawe unamwambiaje?"

"Namwambia uko bondeni."

Mama Kitalu akapiga makofi tena, taratibu sana, naye akaitikia. Akamuuliza analala upande gani, nani anamgeuza, kama mgongo haujatoka vidonda. Akajibiwa yote. Maji baridi yalinipita kwenye vidole vya miguu, nikatazama chini. Ndoo ilikuwa imejaa zamani, inamwagika pande zote, na vijana walikuwa wamekunja kamba zao bila kuambiwa. Yule bibi mzee akaisogeza pembeni, akatega nyingine. Wale wawili walikuwa bado wanasalimiana.